Mkasi wa Hannah Höch: Picha za Dada katika Berlinische Galerie

Jumba la Berlinische Galerie, lililoko Alte Jakobstraße mjini Berlin, lilijengwa mwaka 1965 kuwa ghala la vioo, na tangu 2004 ni makumbusho ya sanaa iliyotengenezwa katika jiji hilo. Tathmini hii inahusu sehemu yake moja tu: picha za kukata na kubandika za Dada, mkondo wa wasanii waliokejeli jamii na sanaa ya wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia na baada yake, hasa za Hannah Höch, msanii wa Kijerumani ambaye kazi na nyaraka zake nyingi zimehifadhiwa humo.

Kazi ya kusimama mbele yake kwa muda ni Dada-Rundschau ya mwaka 1919, ambayo ni ndogo kuliko watu wengi wanavyotarajia, kwani urefu wake haufiki nusu mita. Humo Rais wa Ujerumani Friedrich Ebert na Gustav Noske, waziri wa jeshi, wamesimama na nguo za kuogelea, vifua wazi na matumbo nje. Höch hakuipiga picha hiyo ya wawili hao. Ilikuwa imechapishwa Agosti mwaka huohuo kwenye ukurasa wa mbele wa Berliner Illustrirte Zeitung, gazeti la kampuni ya Ullstein, ambako yeye mwenyewe alikuwa ameajiriwa kuchora ruwaza za kudarizi. Miezi michache kabla ya hapo, Noske alikuwa ametumia vikosi vya wanamgambo kuzima maasi katika mitaa ya Berlin. Kwa kumbandika mtu huyo nusu uchi kati ya vichwa vya habari vilivyokatwakatwa, Höch amelifanya jiji litoe ushahidi dhidi ya wakubwa wake kwa karatasi lilizokuwa likizinunua kila wiki. Naona ukali huo haupatikani hata katika Metropolis ya msanii Paul Citroen ya mwaka 1923, picha mashuhuri iliyosongamanisha majengo hadi mbingu ikakosa nafasi: Citroen anatuonyesha msongamano, Höch anatutajia wanaoutawala.

Kuna upande mmoja wa kazi zake unaonitia mashaka. Katika mfululizo alioufanya miaka ya 1920 juu ya makumbusho ya kiethnografia, yaani ya tamaduni za watu mbalimbali, aliunganisha picha za vinyago, vikiwemo vya Afrika, na viungo vya wanawake wa kisasa wa Ulaya. Dhihaka yake dhidi ya makumbusho naielewa, na hata hivyo kinyago kinabaki malighafi tu, bila jina la aliyekichonga.

Mgeni asiyejua historia ya Ujerumani baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia atacheka kidogo na kupita, kwa hiyo ni vyema asome habari za mwaka 1919 kabla ya kukata tiketi. Aidha, karatasi huharibiwa na mwanga na kazi za namna hii haziwezi kutundikwa mfululizo, hivyo aulize mapema zipi ziko ukutani. Jumba hufungwa Jumanne. Anayeitafuta ile kazi kubwa ya Höch yenye kisu cha jikoni katika jina lake, ya sentimita 114 kwa 90, asije hapa, kwani hiyo ni mali ya Nationalgalerie, makumbusho nyingine ya Berlin. Kwa Dada-Rundschau pekee natoa nyota nne kati ya tano, na ile ya tano naizuia kwa sababu ya vinyago.