Discovery ya Dundee: nilienda kwa ajili ya Scott, nikashikwa na habari za nyangumi

Kwa asiye na muda wa kusoma yote: nenda. Ikiwa unaishi Uskoti, au umekuja kumtembelea ndugu Edinburgh au Glasgow, tenga siku uende Dundee ukaione Discovery, meli iliyompeleka Kapteni Scott Antaktika, bara la barafu la kusini. Vaa koti zito hata kama ni Julai, kwa sababu upepo wa mto Tay hauna adabu. Viatu viwe visivyoteleza. Ngazi za kushukia ndani zimesimama wima, kama zilivyo ngazi za meli yoyote ya zamani. Mwenye goti bovu atafurahia sitaha ya juu na kumbi za nchi kavu, huko chini atapata tabu.

Treni kutoka Edinburgh huchukua saa moja na robo hivi. Ukikaribia Dundee unavuka daraja la Tay, na ukichungulia dirishani unaona visiki vya nguzo za daraja lililotangulia vimechomoza majini. Lile lilianguka katika dhoruba usiku wa tarehe 28 Desemba 1879 na treni ikiwa juu yake, kwa hiyo nakushauri uchungulie ukishafika ng'ambo. Stesheni ya Dundee iko karibu mno na gati. Huhitaji ramani, fuata milingoti mitatu.

Sasa meli yenyewe. Ilishushwa majini hapohapo Dundee tarehe 21 Machi 1901, kwa ajili ya msafara wa Kiingereza wa kwenda Antaktika chini ya Kapteni Robert Falcon Scott. Ndiyo meli ya mwisho ya mbao, ya milingoti mitatu ya kizamani, kuundwa Uingereza. Wakati ule meli za chuma zilikuwa zimeenea dunia nzima, na mtu angeweza kudhani waliochagua mbao walikuwa wamepitwa na wakati. Walikuwa na hoja. Barafu ya bahari ikibana, bamba la chuma huweza kupinda au kupasuka, ilhali mbao hunesa na kurudi.

Mimi ni mtoto wa Pangani, nimekua nikiona majahazi yakivutwa pwani kukalafatiwa, na nilidhani najua unene wa ubavu wa chombo. Hapa nilinyamaza. Ubavu wa Discovery una unene wa sentimita 60 na zaidi: mataruma ya mwaloni, juu yake tabaka la mbao, kisha jingine, na nje kabisa mbao ngumu ya kustahimili msuguano wa barafu. Omo imejazwa mbao tupu na kufungwa kwa bolti ambazo baadhi zinazidi mita 2 kwa urefu, halafu ikavikwa chuma. Namna ya kusafiri barafuni ilikuwa kuipandisha omo juu ya barafu na kuiacha barafu ivunjike kwa uzito wa meli. Propela na usukani viliweza kupandishwa juu ndani ya tezi ili visivunjwe. Tumbo la meli ni la mviringo, halina mapezi ya pembeni ya kuituliza, kwa hiyo kwenye mawimbi ya kusini iliyumba kiasi cha kuwatesa hata mabaharia wazoefu. Tena ilivuja. Walipofika Lyttelton, Nyuzilandi, ilibidi waipandishe chelezoni kutafuta panapovuja. Nilifarijika kusikia hivyo, maana kumbe si majahazi yetu tu.

Kitu kimoja usikipite haraka ni chumba kidogo cha mbao kilichopo kwenye sitaha. Kilikuwa cha kupimia usumaku wa dunia. Dira za mabaharia zilikuwa zikibabaika katika bahari za kusini, na wasomi wa London walitaka vipimo vya uhakika. Ili chuma kisiharibu vipimo, wajenzi waliamriwa wasitumie chuma cha aina yoyote katika futi 30 kuzunguka chumba hicho. Hebu fikiria kuunda meli ya mvuke, yenye injini, halafu katikati uweke duara ambalo hata msumari wa kawaida ni marufuku. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba hii ilikuwa maabara iliyovikwa matanga.

Habari za Scott zimesimuliwa sana, sitazirefusha. Waliondoka Uingereza Agosti 1901, wakafika kwenye ghuba ya McMurdo mapema 1902, na barafu ikaishika meli kwa majira mawili ya baridi. Februari 1902 Scott alipanda angani kwa puto lililofungwa kamba, wa kwanza kufanya hivyo Antaktika. Tarehe 30 Desemba mwaka huohuo, yeye, Ernest Shackleton na daktari Edward Wilson walifika digrii 82 na dakika 17 kusini, mbali kuliko mtu yeyote kabla yao, kisha wakarudi hoi, kiseyeye kimewashika, mbwa wao wote wamekufa. Shackleton alirudishwa nyumbani mapema kwa ugonjwa. Februari 1904, kwa msaada wa meli mbili zilizotumwa kuwaokoa, Morning na Terra Nova, na kwa baruti iliyozikwa barafuni, Discovery ilitoka.

Ukiwa chini, linganisha vyumba. Maofisa walikuwa na vyumba vyao vidogo vinavyofunguka kwenye ukumbi wenye meza ndefu, mbao zimeng'arishwa, kila mlango una jina. Mabaharia wa kawaida walilala pamoja kwenye machela. Lakini ukumbi wa maofisa ulikuwa juu ya ghala la makaa ya mawe, na baridi ilipanda moja kwa moja hadi barafu ikagandia ndani ya vyumba vyao. Kule kwa mabaharia kulikuwa na joto zaidi. Mzee mmoja wa kujitolea anayewaelekeza wageni alinisimulia hili huku akicheka, na nikaona analisimulia kila siku na halimchoshi.

Wageni wengi wakishapita hapo huona wamemaliza. Wanapiga picha kwenye usukani, wanashuka, wanakwenda kahawa. Kwangu mimi, hapo ndipo penye utamu.

Kwanza swali ambalo sikuwahi kujiuliza: kwa nini Dundee? Kwa nini msafara wa kitaifa uliopangwa London uunde meli yake kwenye mji wa viwanda kaskazini? Jibu ni magunia. Dundee ilikuwa mji wa juti, nyuzi zilizotoka Bengal kwa meli na kufumwa hapa kuwa magunia na turubai za dunia nzima. Nyuzi za juti ni kavu, na zikiwa kavu hivyo hazifumiki. Walizilainisha kwa maji na mafuta ya nyangumi. Ndiyo maana bandari nyingine za Uingereza zilipoacha kuwinda nyangumi, Dundee iliendelea, kwa kuwa mteja alikuwa mlangoni. Mafundi wake wakabaki na ujuzi wa kuunda meli za mbao zinazoweza kuingia barafuni na kutoka. Terra Nova, iliyokuja kumwokoa Scott na ambayo baadaye aliitumia katika safari ambayo hakurudi, nayo ilikuwa meli ya kuwindia nyangumi iliyoundwa Dundee mwaka 1884. Discovery ni mtoto wa kazi hiyo. Bila nyangumi kuchinjwa, isingekuwapo.

Shikilia hilo, kisha endelea na maisha ya meli. Baada ya kurudi iliuzwa mwaka 1905 kwa Kampuni ya Hudson's Bay, ikawa meli ya mizigo kwenda Kanada. Wakati wa Vita vya Kwanza ilipeleka zana za vita Urusi. Mwaka 1916 ilitumwa kusini kuwaokoa watu wa Shackleton waliokwama kisiwa cha Elephant, lakini kabla haijafika, meli ndogo ya Chile iitwayo Yelcho ilikuwa imeshawatoa. Ikaegeshwa.

Halafu ikaja kazi ya 1925 hadi 1927. Huko South Georgia, kisiwa cha bahari ya kusini, uwindaji wa nyangumi ulikuwa umepamba moto, na serikali ya visiwa vya Falkland ilikuwa ikitoza ushuru kwenye mafuta yake. Watu wenye akili waliona kwamba kwa kasi ile nyangumi wataisha kama walivyokwisha kaskazini, na ushuru utakwisha nao. (Sitadai kwamba yote yalikuwa mapenzi ya wanyama.) Fedha za ushuru huohuo zikalipia utafiti: nyangumi wanakula nini, wanazaa lini, wanahama vipi. Discovery ikanunuliwa, ikafumuliwa na kutengenezwa upya, milingoti ikasogezwa, ikapewa hadhi ya meli ya utafiti ya kifalme. Kiongozi wa sayansi alikuwa Stanley Kemp. Ilipitia Cape Town ikaelekea South Georgia, ambako wataalamu wengine walikuwa kwenye kituo cha Grytviken wakipima mizoga ya nyangumi palepale ilipokuwa ikichunwa.

Nadharia ni nyepesi kusema, kazi ilikuwa ngumu. Nyangumi mkubwa wa kusini anaishi kwa krili, jamaa wa uduvi wetu, na krili wanaishi kwa mimea midogo ya majini isiyoonekana kwa macho. Kwa hiyo ukitaka kumjua nyangumi, lazima ujue maji. Walishusha vyavu na chupa za kuchotea maji kwenye vina mbalimbali, kituo baada ya kituo, kwenye meli inayoyumba kama nilivyokwisha kusema.

Ndani ya kundi hilo alikuwamo Alister Hardy, hajafika miaka 30. Alikerwa na kwamba wavu hukuonyesha pale tu ulipoushusha, na kati ya kituo na kituo kuna bahari nzima hujui chochote. Akatengeneza mtambo unaovutwa nyuma ya meli: maji yanaingia kwa tundu dogo mbele, ukanda wa hariri unajiviringisha taratibu ukinasa viumbe, unafunikwa kwa ukanda mwingine na kuhifadhiwa kwenye dawa. Ukirudi nchi kavu unaufungua ukanda kama shajara ya safari. Mtambo wa namna hiyo, ulioboreshwa, umekuwa ukivutwa na meli za kawaida za biashara tangu 1931 hadi leo, na ni moja ya kumbukumbu ndefu zaidi tulizonazo za jinsi bahari inavyobadilika. Mimi nilisimama hapo muda mrefu kuliko kwenye kitanda cha Scott.

Tena jambo hili linatuhusu. Nyangumi nundu wanaoonekana Watamu, Zanzibar na Mafia katika miezi ya kusi, wakija kuzaa kwenye maji ya joto, wananenepea kwenye bahari hizohizo za kusini. Na meli ya tatu kubeba jina hili katika ukoo wa utafiti, Discovery ya 1962, ilikuja Bahari ya Hindi. Mwaka 1964, kusi likivuma, ilikuwa nje ya pwani ya Somalia ikipima ule mkondo unaogeuka mwelekeo pamoja na pepo. Manahodha wa majahazi waliujua siku nyingi, bila shaka, ila hawakuwa wameuandikia ripoti.

Baada ya safari za mtafiti Douglas Mawson za kwenda Antaktika, 1929 hadi 1931, Discovery iliachwa London kwenye mto Thames. Ilikuwa meli ya maskauti, kisha ya mafunzo ya wanamaji. Injini na maboila yake yaling'olewa wakati wa Vita vya Pili kwa ajili ya chuma chakavu, kwa hiyo usitarajie kuyaona ya asili. Ilikuwa karibu kuvunjwa, ikaokolewa mwaka 1979, na Aprili 1986 ikarudishwa Dundee ikiwa imepakiwa ndani ya meli nyingine kubwa, kama shehena. Kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Mwaka huohuo wa 1986 ndio marufuku ya kimataifa ya kuwinda nyangumi kibiashara ilipoanza kutumika. Sijaona popote pale gatini bango linaloyaweka mambo hayo mawili pamoja, pengine kwa sababu ni sadfa tu. Mimi nimeyaweka.

Ushauri wangu basi: ukifika, pita kwa Scott bila haraka lakini bila kukwama, kisha weka saa nzima kwa sehemu ya 1925. Ukiwa na watoto, waanzie kwenye sitaha na jiko, halafu vyumba vya kulala. Ubavu ule mnene watataka kuugonga kwa ngumi. Pembeni kuna jengo la V&A, makumbusho ya ubunifu, lililofunguliwa 2018, ambako kuingia ni bure na unaweza kujikinga na mvua.

Kisha panda mjini kwa miguu hadi makumbusho ya McManus. Mle ndani kimening'inizwa kiunzi cha mifupa cha nyangumi nundu aliyeingia mto Tay mwishoni mwa 1883, mbele ya mji uliojaa wawindaji wa nyangumi wasio na kazi kwa majira ya baridi. Walimchoma chusa, akawakimbia, na baada ya siku kadhaa akakutwa amekufa baharini. Mfanyabiashara wa mafuta, John Woods, alimnunua na kuwatoza watu kiingilio wamwone. Siku hizi kumwona ni bure.