Spika za koaksia za inchi 6.5: nzuri, ila usinunue wati za kwenye boksi

Ukitaka kung'oa spika zilizokuja na gari na kupata sauti safi bila kukatakata milango, koaksia za inchi 6.5 zinatosha kabisa. Twita, yaani kispika kidogo cha sauti za juu, imekaa juu ya kijiti katikati ya wufa, ile kubwa ya sauti za chini, zote kwenye mhimili mmoja. Ni kipande kimoja chenye waya mbili na skrubu chache, basi. Lakini hazilingani hata kidogo, na tofauti yake haionekani kwenye maandishi makubwa ya boksi.

"Wati 300" ni nguvu ya kufumba na kufumbua. Tazama wati za RMS, yaani nguvu ambayo spika inahimili mfululizo, ambazo kwa spika za kawaida za ukubwa huu huwa kama 40 hadi 60. Redio iliyoandikwa 50W x 4 nayo hutoa takriban wati 15 hadi 20 za RMS kwa kila chaneli. Kama huna amplifaya, namba ya kuitafuta ni desibeli ambazo spika inatoa kwa wati 1, ikipimwa umbali wa mita 1. Spika ya desibeli 91 ikipewa wati 15 itapiga sawa na ya 88 iliyopewa wati 30. Chini ya 90, kwa redio pekee, tungeiacha dukani.

Chukua ya njia mbili, yenye wufa moja na twita moja. Zile za njia tatu na nne za bei nafuu huongeza vitwita vidogo vinavyopiga sauti zilezile za juu, vikagongana na kuleta ukali unaochosha masikio. Bonyeza ukingo wa koni, ile sehemu pana inayotetemeka, kwa kidole: uwe wa raba, kwa sababu sponji huoza na kumeguka. Koni ya polipropilini (aina ya plastiki) huvumilia maji yanayochuruzika ndani ya mlango kuliko karatasi tupu.

Mlango ndio unaoamua besi, na hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Sauti ya nyuma ya koni iko kinyume na ya mbele. Zikikutana kupitia upenyo, besi inafutika hata kama spika ni ya gharama. Kwa hiyo bandika utepe wa sponji kati ya spika na bati, ziba matundu makubwa ya bati la ndani, na uweke shiti za butili (raba nzito ya kunata inayozuia bati kutetemeka) kwenye bati la nje, nyuma ya spika. Matundu ya kutolea maji chini ya mlango usiyaguse, la sivyo mlango utashika kutu.

Kabla ya hayo yote, teremsha kioo hadi mwisho upime kina. Sumaku ikikaribia kioo, weka ringi ya kuinulia spika. Ya plastiki ni bora. Ya MDF (mbao ya unga wa miti ulioshindiliwa) ikikosa rangi hunyonya maji na kuvimba. Kaza skrubu kwa kuvukanisha, kidogo kidogo. Ukikaza upande mmoja kwa nguvu, fremu inapinda na koili, waya uliozungushwa nyuma ya koni, inaanza kusugua. Sukuma koni taratibu kwa vidole viwili pande zote mbili za twita: ukisikia mkwaruzo, legeza uanze upya.

Kwenye redio nyingi za kununua dukani, si zile zilizokuja na gari, waya mweupe ni wa mbele kushoto, kijivu mbele kulia, kijani nyuma kushoto, zambarau nyuma kulia. Wenye mstari mweusi ni hasi. Hasi hizo usiziunganishe na bodi ya gari. Redio za siku hizi husukuma umeme kwenye waya zote mbili, na kugusa bodi kunaweza kuiunguza ndani. Ukiwa na shaka na waya za gari, gusisha betri ya volti 1.5 kwa sekunde moja: koni ikitoka nje, chanya ya betri iko kwenye chanya ya spika. Upande mmoja ukigeuzwa, besi hukonda na sauti ya mwimbaji hukosa kituo. Wala usifunge spika mbili za omu 4 sambamba kwenye chaneli moja ya redio. Zinakuwa omu 2, na redio nyingi hazihimili.

Weka kichujio cha redio kikate chini ya hezi 80. Koni itapumzika na utaweza kuongeza sauti bila mkwaruzo. Twita nyingi huungua kwa sababu redio au amplifaya imelazimishwa kupita uwezo wake, mawimbi yakakatwa vichwa.

Udhaifu ambao fundi hawezi kuuondoa ni kwamba twita inabaki chini, usawa wa magoti, na muziki unasikika kama unatoka miguuni. Inayozungushika husaidia kiasi ukiielekeza juu. Anayetaka mwimbaji asikike juu ya dashibodi anunue seti yenye twita za kutenganisha, akubali kutoboa na kupitisha waya zaidi. Na kwa besi ya kutikisa kiti, koaksia yoyote ya inchi 6.5 itahitaji sabwufa, spika kubwa ya besi pekee, pembeni.