CBCT ya taya la juu kabla ya kupandikiza meno: uzoefu wangu

Nyota nne kati ya tano kwa kituo cha picha ninakopeleka wagonjwa wangu wa vipandikizi. Mashine yao ya CBCT (eksirei inayozunguka kichwa na kutoa picha ya pande tatu) ni nzuri, ila picha utakayopata inategemea ulichoandika kwenye fomu.

Sipandikizi tena taya la juu kwa kutegemea OPG, ile eksirei bapa ya taya zote mbili. Picha ile hukuza vipimo, na unene wa mfupa hauonyeshi kabisa. Na taya la juu linatofautiana mno mtu na mtu. Kwa mmoja sakafu ya sinasi (uwazi wenye hewa ulio juu ya meno ya nyuma) iko mbali juu ya mizizi, kwa mwingine imeshuka katikati ya mizizi ya magego, na magego yaking'olewa huzidi kushuka. Mfupa uliobaki ukiwa chini ya milimita 4 au 5, mara nyingi inabidi kufungua dirisha ubavuni mwa sinasi ili kuinua sakafu na kuongeza mfupa chini yake. Mfupa ukizidi hapo, huenda ukapitia tundu lilelile la kipandikizi. Kosa la milimita 2 hubadilisha upasuaji mzima.

Halafu zipo kuta za mfupa ndani ya sinasi, zile alizozieleza mtaalamu Underwood mwaka 1910. Utando unaofunika sinasi kwa ndani hushikamana na kilele cha ukuta, kwa hiyo ukiuinua bila kujua ukuta ulipo, unachanika. Tafuta pia mshipa wa damu unaopita ndani ya ukuta wa nje. Ukiwa mnene, hamisha dirisha. Sehemu ya mbele, mfereji ulio nyuma ya meno mawili ya kati huweza kuwa mpana kiasi cha kula nafasi ya kipandikizi. Karibu na chonge kuna vijifereji vya neva ambavyo wengi huvisahau, na vikionekana juu ya mzizi hudhaniwa kuwa ugonjwa.

Kwenye fomu naandika vokseli (chembe ndogo kabisa ya picha) ya milimita 0.2 na eneo la sentimita 8 kwa 8. Eneo la 5 kwa 5 linatosha jino moja la mbele, lakini kwa kuinua sinasi halifai: hukata mlango wa sinasi, ulio juu kwenye ukuta wa ndani. Mlango ukiwa umeziba tangu mwanzo, maji ya sinasi hayana pa kutokea, na mfupa ulioongezwa unaweza kuoza. Naomba pia pamba iwekwe kati ya mdomo na fizi ili unene wa fizi uonekane, hereni na kipini vitolewe, na mgonjwa asimeze mate mashine ikizunguka. Akitikisika, kingo za mfupa huonekana mbilimbili. Picha hiyo irudiwe, usiipime.

Nyota moja nimeitoa kwa sababu wanakabidhi PDF tu mpaka udai faili za DICOM, yaani picha zenyewe unazoweza kuzipima. Ripoti yao pia huandika ugumu wa mfupa kwa namba za Hounsfield, kipimo cha CT, ilhali rangi za kijivu za CBCT hazilingani na za CT ya hospitali. Namba hizo sizitumii kuchagua kipandikizi.