TAHADHARI: mazabodi ya rauta inayouzwa kama N100, ndani ni J1900

Assalam aleikum ndugu zangu wa Lamu, na nyinyi wa Malindi pia maana najua wengi wetu vitu vya kompyuta tunaagizia huko. Kuna tangazo linazunguka la mazabodi ndogo, yaani bodi kuu ya kompyuta, ya kujitengenezea rauta ya nyumbani, limeandikwa N100, yaani aina ya prosesa, poti nne za waya za mwendo wa 2.5G chipu ya Intel, haina feni, inatumia 12V. Tafadhalini musilipe kabla hamjasoma hapa. Mimi nshanunua na kilichonifikia sicho, na jana usiku nimeliona tena tangazo lile lile, picha ile ile, bei imetoka 23,500 imekuja 18,000, yaani anatafuta mwengine.

Jina la muuzaji siliandiki hapa, hilo lina mahali pake. Nataka mukijue kitu chenyewe, ili hata akija na jina jengine mumtambue kwa kazi yake.

Nyumba yetu ni ya zamani, kuta za mawe ya matumbawe unene wake mkono mzima unaingia, ghorofa tatu, juu tunapangisha wageni. Kile kirauta cha kupewa na kampuni Wi-Fi yake haipiti hata ukuta mmoja, kwa hivyo nkaamua kuweka rauta moja ya maana chini, halafu waya zipande kila ghorofa. Mwanzo nlitumia kompyuta kuukuu ya ofisi, inafanya kazi vizuri tu, lakini nlipoipima kwenye soketi inakula wati 60. Wati 60 mchana na usiku ni yuniti 1.44 kila siku, mwaka ukiisha ni yuniti zaidi ya 520, na kazi yenyewe ni kupitisha intaneti tu! Na stima ikikatika ndio balaa, betri yangu ni ya asidi 12V 100Ah, ukiitumia nusu kama inavyotakiwa unapata kama wati 600 za saa moja, kompyuta ile haimalizi saa kumi, lakini bodi ya wati 10 inakwenda siku mbili na zaidi. Halafu feni. Hewa yetu ina chumvi, feni inaivuta ndani, bodi inaanza kuota kutu ya kijani kwenye miguu ya chipu, nimeshazika mbili hivyo. Kwa hivyo bodi isiyo na feni huku kwetu si anasa.

Ndio nkaitaka N100. Hiyo ni prosesa ya Intel iliyotoka mwanzo wa 2023, kori nne, wati 6. J1900 nayo ina kori nne, imeandikwa wati 10, lakini ni ya mwisho wa 2013. Miaka tisa na zaidi hapo katikati. Kwenye picha zikishafunikwa na lile bati la kupozea huzijui, zote ni kibao kidogo chenye poti nne mbele, na hapo ndipo anapopatia riziki yake.

Nlituma nusu kwa M-Pesa, nusu nikamalizia mzigo uliposhushwa Mokowe kabla hata sijaufungua. Jina lililotokea kwenye M-Pesa si lile analojiita kwenye tangazo, nkamuuliza, akasema ni laini ya mkewe, nkanyamaza. Hapo ndipo nilipokosea, na wewe jina likiwa tofauti simama hapo hapo.

RAM nlikuwa nshainunua mbali, DDR4 ya laptopu ya GB 8, kwa sababu bodi nyingi za N100 zinachukua DDR4 au DDR5. Nimefika nyumbani naiweka, haiingii. Naigeuza, haiingii. Nkampigia simu, akanambia "sukuma kwa nguvu kaka, ni mpya bado ngumu". Wallahi lau ningemsikiza ningevunja kila kitu. Nkaleta taa nkaangalia, kile kijipengo cha RAM na ule mwiba wa kwenye sloti havilingani kabisa, nkatoa RAM ya laptopu mbovu ya zamani, DDR3L, ikaingia saa hiyo hiyo. RAM ndogo ya DDR3 ina pini 204, ya DDR4 ina pini 260, haziingiliani hata ufanyeje, na J1900 ni ya DDR3L. Nkajua basi, hata kabla sijawasha.

Nkawasha. Biosi, ile skrini ya mwanzo bodi ikiwaka, inaonyesha picha nzuri tu ya N100, sijui wameiwekaje. Lakini nkachomeka flashi yenye Linux, nkaandika lscpu, amri ya kuuliza prosesa ni gani, ikasema Celeron J1900 1.99GHz bila kuficha. Nkaandika lspci -nn kuangalia poti, zote nne zinatoka 10ec:8168, yaani chipu za kampuni ya Realtek za 1G, si Intel na wala si 2.5G. I226-V ya kweli, ile chipu ya Intel ya 2.5G, inatoka 8086:125c. Nlipoweka OPNsense, programu ya kuigeuza bodi kuwa rauta, ni hivyo hivyo, poti zikaitwa re0 mpaka re3, na re ni Realtek, ingekuwa I226 zingeitwa igc0, igc1. Lile bati nkalifungua, juu yake kuna stika ya N100 imebandikwa juu ya stika nyengine iliyokwanguliwa.

Haki isemwe, J1900 yenyewe si mbovu. Kama laini yako ni ya 20 au 50 Mbps na unataka kugawa intaneti tu itakutosha, mtu akikuuzia kwa jina lake na bei ya kitu cha zamani, chukua. Ubaya wake kwangu ni kwamba haina AES-NI, ile sehemu ya prosesa inayofanya hesabu za kufunga siri, na mimi nina ndugu yangu Mombasa anaingia kwa OpenVPN, njia ya siri ya kuingia mtandao wa nyumbani ukiwa mbali, kuangalia kamera za nyumba, akiingia tu prosesa inapanda juu na wageni wanalalamika. Nimemuhamisha kwenye WireGuard, njia nyengine kama hiyo ambayo haitumii AES, sasa afadhali. Na Realtek kwenye FreeBSD, mfumo ambao ndio uko chini ya OPNsense na mwenzake pfSense, ina sifa mbaya miaka mingi, kwangu poti moja ilikuwa inakatika kila usiku. OpenWrt, nayo programu ya rauta, ni Linux, nlipohamia huko ikatulia. Lakini mimi nimelipa pesa ya N100.

Nlipompigia tena akasema nimebadilisha bodi mimi mwenyewe. Halafu akanifungia. Nkatuma ule ujumbe wa M-Pesa kwa 456, namba ya kuomba pesa zirudishwe, pesa zilikuwa zishatolewa siku ile ile nlipozituma.

Kwa hivyo mwenye kutaka bodi kama hii, kwanza muulize muuzaji inachukua RAM gani. Swali dogo, wengi wao hawajalijiandalia jibu. Akisema DDR3 au DDR3L hiyo si N100, usijadiliane tena. Kisha mwambie akutumie video moja isiyokatwa, bodi imewashwa, jina lako limeandikwa kwenye karatasi kando, na kwenye skrini aandike lscpu na lspci -nn ukiona. Usikubali picha ya biosi wala picha ya stika. Akikwambia poti ni I225-V, chipu ya Intel iliyotangulia I226, muulize ni toleo gani, yale ya mwanzo yana kasoro kwenye mwendo wa 2.5G, tafuta B3 au nenda I226. Akisema hana muda, wewe pia usiwe na muda wa kutuma pesa. Na akikubali, pesa itoke baada ya bodi kuwaka mbele yako au mbele ya mtu wako, hata kama mtu wako yuko Malindi na wewe uko Pate.

La mwisho la stima, maana nimeona tangazo linasema eti "unaunga na solar moja kwa moja". Usiunge. Betri ya 12V ikiwa inachajiwa inafika 14.4V, na bodi nyengine zinataka 12V kamili, utaiunguza mchana wa kwanza. Weka kidhibiti cha volti katikati.

Kuna kijana amenambia ameshatuma nusu na mzigo wake unafika Mokowe Alhamisi. Ndugu yangu, ile nusu ya pili usiitume. Nitakuwa hapo kwenye jeti ya Mokowe tangu asubuhi, nina laptopu, skrini ndogo, adapta ya 12V, flashi ya Linux na RAM zote mbili, tutaufungua pamoja hapo hapo. Na mwengine yeyote mwenye bodi asiyokuwa na uhakika nayo aje nayo.