Kaunta buku la kushonwa kwa uzi: maoni ya mwuza nafaka wa Busia

Nanunua na kuuza mahindi na maharage hapa Busia, upande wa Uganda. Ukitoa mizani, kitu ninachokithamini kuliko vyote stoo ni kaunta buku la jalada gumu, kurasa 192, nililolinunua Barabara ya Nasser kule Kampala kwa shilingi 9,000. Madeni yana daftari lake. Hili ni la kuandika ninachofikiri kabla mambo hayajatokea, na kwa kazi hiyo si kila daftari linafaa.

Tuanze na mshono. Karatasi zake zimekunjwa kwa mafungu, kila fungu likashonwa kwa uzi katikati, ndipo zote zikabandikwa kwenye jalada. Ukichana karatasi moja, mwenzake wa upande wa pili wa mkunjo hulegea naye akatoka, na pengo unaliona hata daftari likiwa limefungwa. Yale ya gundi tupu hayakushtaki: unang'oa ukurasa polepole, na baada ya muda hata wewe umesahau kwamba ulikuwapo. Simu ni mbaya zaidi, unafuta na kuandika upya bila kubaki alama. Anayetaka kujijua anahitaji mahali ambapo maneno yake ya jana hayaguswi.

Sisi wa mpakani tuna sababu ya kuliamini hilo. Machi 2021 Kenya ilipiga marufuku mahindi ya Uganda na Tanzania kwa ajili ya sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu kwenye nafaka. Baada ya siku chache wakalegeza kwa masharti, mojawapo mzigo uwe na cheti kwamba sumu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Siku zile hukukosa mtu sokoni wa kukuambia kwamba yeye alilijua jambo hili mapema. Madalali walijua, madereva walijua, hata wenye stoo zilizojaa magunia mpaka kwenye mabati nao walijua. Mimi sisemi walidanganya. Kumbukumbu ya binadamu ndivyo ilivyo, na kuna waliolipima jambo hili. Mwaka 1972, kabla Rais Nixon wa Marekani hajafanya ziara zake za Beijing na Moscow, wanasaikolojia Baruch Fischhoff na Ruth Beyth waliwaomba wanafunzi nchini Israel wakadirie uwezekano wa mambo mbalimbali kutokea katika ziara hizo. Ziara zilipopita, wakawaomba wakumbuke walikadiria vipi. Kwa mambo yaliyotokea kweli, wengi walijikumbuka wakiwa na uhakika mkubwa kuliko ule walioandika mwanzo. Utafiti ulichapishwa 1975, na uliwezekana kwa sababu karatasi za awali zilikuwa zimetunzwa.

Mimi naandika hivi. Ukurasa wa kushoto, kwa wino wa bluu: tarehe, bei ya leo kwa kilo, bei ninayoitarajia mwezi ujao, sababu kwa sentensi moja, na uhakika wangu ni ngapi kwa kumi. Chini yake nataja nina magunia mangapi stoo. Ukurasa wa kulia unabaki mtupu mpaka mwezi uishe, ndipo najaza yaliyotokea kwa wino mwekundu.

Safu ya magunia niliiweka kwa ajili ya hesabu tu, lakini ndiyo iliyonifundisha mengi. Jioni moja mdogo wangu, ambaye hunisaidia kwenye mizani, alikuwa akinisomea kurasa za zamani kwa sauti. Akasimama. "Dada, mvua ni ile ile. Mbona hapa inapandisha bei, na pale inashusha?" Nikalivuta daftari kwangu. Stoo ikiwa imejaa, nimeandika: mvua itaharibu barabara, malori yatachelewa, bei itapanda. Stoo ikiwa tupu na pesa ziko mkononi, nimeandika: mvua itazuia watu kuanika, mahindi yataingia sokoni na unyevu, bei itashuka. Kila sababu ukiichukua peke yake ina akili. Ukizipanga pamoja na safu ya magunia, unaona kwamba nilikuwa naisoma mvua kwa kuangalia mali yangu.

Hakuna mtu angeweza kuniambia hilo nikamkubalia, kwa kuwa kila mara nilikuwa na hoja nzuri ya kumjibu. Na kwa majirani nimekuwa nikiliona miaka yote. Nyani haoni kundule.

Jambo moja nawasihi wanaotaka kujaribu: msijaze kurasa kwa kujiuliza "kwa nini nilifanya vile". Sababu tunazozitoa baadaye mara nyingi tunazishona wenyewe. Wanasaikolojia Richard Nisbett na Timothy Wilson, katika utafiti wa 1977, waliwapangia wanunuzi soksi ndefu za nailoni jozi nne, wakawaomba wachague iliyo bora. Zote nne zilikuwa sawasawa kabisa. Watu walielemea sana ile ya mwisho kulia, na walipoulizwa wakazungumzia ubora. Hakuna aliyetaja mahali ilipokuwa imewekwa. Mimi niliyekaa dukani miaka mingi nimeona wateja wakichagua gunia hivyo hivyo. Kwa hiyo andika kwanza kinachohesabika, bei, magunia, uhakika, kisha uache kurasa zenyewe zikuonyeshe mwenendo wako.

Kasoro zipo. Kurasa hazina namba, nimeziandika mwenyewe kwa mkono, kazi ya jioni nzima. Wino wa kalamu ya jeli unapenya upande wa pili, tumia bolpeni ya kawaida. Kona za jalada zilianza kuachana msimu wa mvua, nikazizungushia selotepu. Na ni zito, halifai kubeba mkobani. Pia nimeona mengine yanayofanana nalo kwa nje, tena kwa bei ya chini, ambayo ndani ni gundi tupu.

Kwa mfanyabiashara, kwa kamati ya mikopo ya kikundi cha akiba, hata kwa mwalimu anayetaka kujua huwa anawakadiria vipi wanafunzi wake kabla ya mtihani, nalipatia daftari hili nyota nne kati ya tano. Ukienda kununua, usiridhike na jalada. Lifungue katikati ya fungu utafute uzi, kisha ulipindue uangalie mgongo kama karatasi zinakaa kwa mafungu. Muuzaji akikukataza kulifungua, nenda duka la pili. Barabara ya Nasser yako mengi.