Wanasheria wa watumishi wanaofichua uchafuzi: nyota nne

Jamani hawa watu wameniokoa. Bosi alitaka nifute vipimo vya maji ya mto kwenye ripoti, nikawatafuta, hawatozi hata senti, na swali lao la kwanza lilikuwa umetumia kompyuta ya ofisi? nikasema ndio, wakaniambia acha hapo hapo! Kumbe picha ya simu inaweza kubeba mahali na saa uliyopiga, na printa nyingi za leza za rangi zinaacha vidoti vya njano huwezi kuviona kwa macho, vinavyoweza kuonyesha karatasi imetoka printa gani, mi nilikuwa naprinti tu mwenzenu. Barua ya malalamiko wameiandika kwa jina lao, langu halimo popote. Nyota moja nakata, simu wanachelewa kupokea, siku tatu nimekaa roho mkononi.