Mbabula ya udongo waliyopima mbele yetu: miezi 4 jikoni kwangu

Miye niko Goma, kartie ya Ndosho, na hapa kwetu kila mama anajua vile makala, makaa ya kupikia, inakula pesa ya nyumba. Basi siku moja vijana wakafika na mbabula mpya, jiko ya makala, udongo ndani, bati inje, wakaomba ruhusa kwa shefu wa avenyu, wakasema wao hawakuje kuhubiri, wamekuja kupima. Hapo njo nilitoka na sufuria yangu.

Mizani ya sokoni iliwekwa barabarani juu ya mawe ya volkano. Mbabula tatu zetu za chuma, tatu zao. Makala tulinunua sisi wenyewe, kilo 2 kila mbabula, na maharagi kilo moja kila sufuria, yote ya mfuko mmoja. Goma tuko juu, karibu metre 1500, maji yanachemka mbele yafike digri 100, njo maana maharagi inakawia hivi, kwa hiyo tukaona mbabula ikishinda maharagi imeshinda yote. Hata kijana wa chukudu, ile trotineti ya mbao ya kubeba mizigo, aliyekuwa anateremsha makala alisimamisha akabaki kuangalia mpaka mwisho.

Maharagi ilipoiva tulizima makala kwa kuifunika na sufuria mzee, bila maji, juu maji ingeongeza uzito. Yangu ilibaki gramu 500. Ya mama jirani aliyepika kwa mbabula yao, kilo moja na gramu 100! Bamama walipiga kelele, na miye nilianza kulipa siku ileile, dola 12 kwa mara mbili.

Sasa nyumbani. Maharagi, chai, sombe ya majani ya muhogo, iko muzuri sana, ukifunga kamlango ka chini moto unatulia na udongo unashika joto hata makala ikiwa imekwisha. Lakini ile siku hakuna mtu alisonga bugali. Mbabula ni nyepesi na kitako yake ni kadogo, ukikaza mwiko inakimbia, lazima uikanyage na mguu, na juma ya pili sufuria ya bugali ya watu nane ilianguka chini batoto wakiwa wanangoja na sahani. Tangu siku hiyo bugali narudisha kwa mbabula ya chuma.

Mfuko wa makala ulikuwa unanifikisha juma 3, sasa unafika 4. Si kama tulivyoona barabarani, juu kule makala ilikuwa kavu na hakuna aliyekuwa na haraka, lakini juma moja ni pesa ya kweli kwangu, na makala mingi ya hapa inatoka Virunga, pori ambayo ni parki tangu 1925, basi inaniuma nikiichoma bure.

Ningeinunua tena, ndiyo. Vijana niliwapigia simu, walisikiliza vizuri, wakasema watapanua kitako. Nikawaambia mkirudi mupime na bugali, sufuria ya watu nane, unga nitatoa miye.